Pua ya Ndege ya Baba

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na ameniagiza nianze na goti lake ili usije ukauliza tena: goti linapanda ngazi, halishuki. Anapanda kwenda kuanika nguo, halafu anakaa huko juu akiniita nije nimteremshe kama godoro. Paa la nyuma tumelibadilisha. Gereji kazi zipo. Wiki hii nimepulizia rangi magari manne na kucha zangu bado ni za kijani.

Naandika kwa sababu Mama amekataza tupigiane simu. Anasema mara ya mwisho majirani walikuja kuuliza nani amefariki. Haya, tuandikiane. Angalau kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo cha ufundi kimeamua kumkumbuka Baba. Katika darasa lake lile lile watasimamisha kabati la kioo, ndani yake ziwekwe ndege zake za mfano, zile za kivita za Kisovieti za wakati wa Vita Kuu ya Pili alizokuwa akiwafundishia wanafunzi wake kutambua ndege kwa macho. Mkuu wa chuo, aliyewahi kukaa dawati la mbele kwa Baba, amekuja mwenyewe hadi sebuleni kutuomba. Mama alilia, kisha akamuuliza kama kabati litafungwa kwa ufunguo.

Kabati lina nafasi saba. Ndege tunazo sita: I-16, MiG-3, LaGG-3, Yak-1, Yak-3 na La-5FN. Ya saba Baba alitaka iwe Yak-9T, akafa hajaipata. Huko uliko kuna maduka ya vitu hivi. Nitafutie boksi la Yak-9T, kipimo cha Baba, moja kwa arobaini na nane, unitumie vipande. Kuunganisha na kupaka rangi niachie mimi. Ufunguzi ni tarehe mosi Oktoba, na jina lake litaandikwa juu ya kioo.

Hilo tu.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe Mama pole ya goti, na umwambie asipande kama hana mpango wa kushuka. Mimi mzima. Kuna mzee nimemtengenezea meno ya juu mara tatu sasa, na kila mara anarudi kulalamika kwamba meno yanamtafuna yeye badala ya chakula. Nimepima taya lake mpaka nalijua kuliko mkewe.

Habari ya kabati imenifurahisha sana. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyoniudhi. Umeorodhesha ndege sita kana kwamba zote ni sawasawa. Umeandika "La-5FN" bila hata kukohoa.

Ngoja nikukumbushe, maana naona rangi za gereji zimekuingia kichwani. La-5 ya kawaida ina mdomo mfupi wa kuvutia hewa juu ya pua, umekaa nyuma karibu na kioo cha rubani. La-5FN mdomo huo ni mrefu, unakwenda mbele mpaka ukingoni mwa pua. Hiyo ndiyo alama ambayo hata mtu aliye hatua mia moja anaiona. Ndege ya Baba ina mdomo mfupi. Na ubavuni, kwa mkono wake mwenyewe, Baba amechora ile alama ya herufi mbili za Kirusi inayosema hii ni FN. Kwa hiyo ndege inajitangaza kwa sauti kwamba ni kitu ambacho si. Tena mbele ya wanafunzi wanaofundishwa kutambua ndege.

Unataka jina la Baba liandikwe juu ya kosa hilo? Watu watakuja na macho yao. Watasema huyu mwalimu alikuwa anakisia.

Nitatafuta maboksi mawili, la Yak-9T na la La-5FN. Ile ya zamani uiweke nyumbani, Mama aiangalie.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, anauliza unakula nini. Binti wa jirani ameolewa, na kelele zimeisha pale ng'ambo ya ukuta.

Mama huniambia nimsomee barua zako kwa sauti. Ya juzi nimeruka mistari kumi na miwili.

Mimi sikukuomba La-5FN. Nilikuomba Yak-9T. Ndege ya Baba itaingia kabatini kama alivyoiacha. Ni ndege yake, na ni kabati lake. Wewe umekaa huko na kipimio chako cha meno, ukiona pua unataka kuitia rula hata kama ni ya marehemu.

Au kibao cha jina lake pale kabatini kibadilishwe, kiandikwe La-5 tu, yaishe.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama nakula vizuri.

Kibao utabadilisha, na mkono wa Baba je? Ile alama ya FN ubavuni utaifanyaje, utaisugua kwa msasa? Wewe ni fundi rangi, unaweza kuifuta kwa dakika tano. Ukiwa tayari kufuta alichochora Baba, nijulishe, nitakaa kimya.

Nilijua huwezi.

Sasa sikiliza yaliyonikuta dukani. Duka lenyewe liko kati ya kinyozi na fundi saa, chumba kimoja chembamba, maboksi yamepangwa hadi darini mpaka mwenye duka anatembea kwa ubavu. Wateja humwita Babu Boksi. Nikamwambia nataka Yak-9T. Akatoa boksi lenye picha nzuri ajabu, ndege inapasua mawingu, moshi, moto, kila kitu. Nikamwambia afungue. Akasema picha haitoshi? Nikamwambia mimi siendi kuweka picha kabatini.

Akafungua kwa shingo upande. Nikatoa kipimio. Yak-9T, kwa kuwa ilibeba mzinga mkubwa puani, chumba cha rubani kilisogezwa nyuma sentimita arobaini kuliko Yak-9 nyingine. Kwa kipimo chetu hizo ni zaidi ya milimita nane. Milimita nane, dada. Mimi nikikosea jino kwa nusu milimita mtu hawezi kufunga mdomo. Na hawa jamaa wamechukua Yak-9 ya kawaida, wakachomeka mtutu mrefu mbele, wakaandika T kwenye boksi, wakampa mchoraji kazi ya kupiga chuku. Rubani yuko pale pale alipokuwa.

Nikamwonyesha Babu Boksi. Akasema, "Mwanangu, watu wananunua, wanaunganisha, wanafurahi." Nikamwambia ndiyo maana wanafurahi, hawapimi. Akaniuliza kama nyumbani kuna watu wanaonipenda.

Nimerudi mikono mitupu. Nitakwenda tena Jumamosi.

Kaka yako


15 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sehemu ya Babu Boksi nilimsomea Mama yote, akacheka mpaka goti likauma. Anasema umemkumbusha Baba yenu kabisa, yule aliyerudisha kabati la nguo kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa kucha.

Basi huyo ndiye mtu unayesema alikuwa anakisia.

Hebu jiulize, bwana wa vipimo. Mtu anayerudisha kabati la nguo, akosee pua ya ndege aliyoifundisha miaka ishirini na sita? Hilo swali halijawahi kukupitia kichwani? Mbona unalopenda wewe ni kuona kosa tu, hupendi kuuliza limetoka wapi?

Yak-9T nitashukuru ukiipata. La-5FN usiniletee.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Nimekula chumvi ya kutosha kujua mtu akinizungusha. Kama una la kusema sema.

Unauliza kama swali hilo limenipitia. Limenipitia miaka kumi na minane. Wewe ulikuwepo siku ile chuoni, ulikuwa umemletea Baba chakula chake cha mchana, kwa hiyo usijifanye hamnazo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kusoma kitabu kizima cha michoro ya ndege hizo, najiona nimefika. Baba alikuwa ameinua La-5FN mbele ya darasa. Mimi nikiwa nimesimama nyuma kama mgeni wake nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, hiyo pua si ya FN." Darasa zima likageuka. Kuna mmoja alicheka.

Nilitegemea atanijibu. Wallahi nilitegemea anifunge mdomo kwa maelezo ambayo sikuyajua, kama alivyofanya siku zote. Akaitazama ndege, akasema, "Kweli. Nimekosea." Akaiweka mezani, akaendelea na somo.

Tangu siku hiyo hakuniita tena mezani kwake kushika gundi wala kupanga vipande. Kosa hakulirekebisha, wala mimi hakunisamehe. Nikaondoka nyumbani mwaka ule ule, na unajua tulivyokuwa tukisalimiana mpaka alipofariki: hali ya hewa, afya, kwaheri.

Kwa hiyo usiniambie napenda kuona makosa. Nataka litoke. Nilimwaibisha kwa kitu ambacho kilikuwa kosa kweli, na sitaki mtu mwingine amwaibishe kwa hicho hicho akiwa kaburini. Nikimwekea FN iliyo sahihi, hakuna atakayenyoosha kidole tena.

Mpe Mama salamu. Hii usimsomee.

Kaka


21 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mvua zimekatika. Mkuu wa chuo amekuja kupima nafasi ya kabati.

Barua yako nimeipata. Nina kazi nyingi gereji, nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Mdogo wako


13 Julai

Mdogo wangu,

Nimesubiri barua "vizuri" hadi nimechoka. Bahasha yako ilikuwa nyepesi nikadhani umesahau kuweka karatasi.

Kazi imekwisha. Yak-9T nimeipata kwenye boksi baya, la karatasi ngumu isiyo na picha hata moja, limekaa nyuma ya rafu miaka mingi kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Chumba cha rubani kiko nyuma panapotakiwa. Urefu sentimita kumi na nane kamili. Mabawa sentimita ishirini na milimita tatu. Babu Boksi aliponiona natabasamu alifunga duka kwa muda, akaenda kwa kinyozi kutangaza.

La-5FN ilinitesa zaidi. Boksi la kwanza mkia ulikuwa mnene kama wa samaki aliyeshiba. La pili mabawa sawa, mkia sawa, lakini ekzosi zilizotokeza ubavuni wameziunganisha kuwa bomba moja, na FN ilikuwa na mabomba yake moja moja. Niliwaandikia watengenezaji barua ya kurasa tatu, wakanijibu kwa kunitumia kibandiko cha zawadi. Kibandiko. Mtu ana miaka thelathini na saba anatumiwa kibandiko.

La tatu ndilo. Nimelipima mara nne. Sikukutumia vipande, nimeiunganisha mwenyewe ili usije ukasema umekosa nafasi. Nimeipaka rangi, nimechora alama ya FN kwa mkono, na mdomo wa hewa umefika ukingoni mwa pua kama inavyotakiwa. Nitazituma zote mbili mwisho wa mwezi. Mkuu wa chuo nimemwandikia tayari kwamba La-5FN ya zamani isiwekwe, ina kasoro, nyingine inakuja. Amekubali na amenishukuru.

Kaka yako


29 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Mama mzima. Leo simsomei, na wala sitaandika habari nyingine maana nikianza na habari nitaishia hapo hapo kama juzi.

Mkuu wa chuo amekuja na barua yako mkononi. Amesema mbele ya Mama, "Kumbe Mwalimu naye alikuwa na kosa lake moja." Alisema kwa upole, akicheka kidogo. Mama akacheka naye. Mimi niliinuka nikaenda uani kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe. Sasa yamenifika kooni.

Baba hakukosea pua. FN ya Baba ilikuwa na pua yake, ndefu mpaka ukingoni, sahihi kuliko hiyo uliyopima mara nne. Mimi ndiye niliyeivunja.

Nilikuwa na miaka minane. Wewe ulikuwa kwenye shule ya bweni. Mama alikwenda sokoni, Baba amelala kidogo baada ya chakula, na chumba chake cha ndege kilikuwa hakijafungwa. Niliichukua FN kwa sababu ndiyo iliyokuwa na pua nzuri. Nikakimbia nayo ukumbini nikiirusha kwa mkono, nikajikwaa kwenye zulia, nikaiangukia kwa goti. Pua ilipondeka yote. Vipande vingine vilikuwa vidogo kama chenga za mchele.

Unaikumbuka sheria ya chumba kile. Anayegusa ndege haingii tena. Wewe ulikuwa umeshaonja: ulikata gurudumu la Yak-1 ukafungiwa nje mwaka mzima, na Baba hakulegeza hata ulipopata homa. Kwa hiyo mimi nilijua nimekwisha. Nilijificha nyuma ya pipa la maji nikiwa nimezikumbatia zile chenga kwenye gauni.

Baba alinikuta pale. Kaka, nilikuwa nimejikojolea kwa hofu. Alichuchumaa, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja kutoka kwenye gauni langu. Akasema, "Tukisema, kaka yako atadai haki yake, na atakuwa na haki. Basi tusiseme."

Alikuwa na boksi la La-5 ya kawaida ambalo hajalianza. Akachukua pua ya humo, akaikata, akaiunganisha na kuziba mwanya kwa filla, akanipa mimi msasa nisugue kiungo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kushika msasa maishani. Pua ya FN haikupatikana popote siku hizo, alitafuta. Alipochora ile alama ubavuni nilimuuliza, si uongo huo? Akasema ndege hii ni FN, imeumia tu.

Miaka minne baadaye ukasimama darasani ukasema ulilolisema. Mimi nilikuwa mlangoni na chakula mkononi. Baba alinitazama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, si mtoto tena, ningeweza kufungua mdomo. Sikufungua. Nilimwona akikubali kosa ambalo si lake mbele ya wanafunzi wake, na mmoja akicheka, na mimi nikaweka chakula juu ya dawati nikaondoka.

Umesema hakukuita tena mezani. Ni kweli, lakini si yote. Hakukuita kwa sababu ulikuwa na macho makali, ungekaa karibu na ile ndege siku moja tu ungeona kiungo chini ya rangi. Alikuwa ananilinda mimi. Mara mbili alianza kukuandikia akachana. Nilimwambia akitaka aseme, nikitumaini atakataa. Akakataa.

Umekaa ukidhani hakukusamehe. Hakuwa na cha kukusamehe, ulikuwa umesema kweli. Mimi ndiye niliyekaa kimya miaka kumi na minane, nikakuacha uondoke nyumbani, nikakuacha umzike hivyo hivyo. Naona haya mpaka sijui niandike nini.

Ndege yako iliyo sahihi ukiileta nitaipokea. Lakini kama FN ya Baba haiingii kabatini kwa sababu "ina kasoro", nami sitasimama kwenye ufunguzi huo.

Mdogo wako


30 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mwezi mzima umepita. Mama anauliza kama posta imegoma. Nimemwambia labda.

Kama umekasirika andika kwamba umekasirika. Bora matusi kuliko hivi.

Mdogo wako


12 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Posta haijagoma. Barua yako ilinikuta maabara, nikaisoma nimesimama, nikaunguza meno ya yule mzee kwenye tanuri. Sasa nayatengeneza mara ya nne, na safari hii kosa ni langu.

Nimekuandikia barua tatu nikazichana. Hii ni ya nne na nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nimekasirika. Umesema niandike, basi naandika. Nilikata gurudumu, dada. Gurudumu moja lenye ukubwa wa punje ya dengu. Nikafungiwa nje mwaka mzima, nikikaa ukumbini nasikia msasa ndani, nasikia Baba anapiga mluzi, siruhusiwi hata kuchungulia. Wewe uliponda pua nzima kwa goti, ukachuchumaliwa, ukapewa siri, ukapewa na msasa. Na fani yako yote umeipata hapo. Mimi nimepata nini? Nimepata kupima vitu.

Halafu mkaniacha niseme. Mkaniacha nisimame mbele ya watu nimwaibishe Baba yangu kwa kosa lako, nyote wawili mnajua, hakuna aliyenivuta pembeni hata jioni yake. Nimemzika mtu ambaye nilidhani ananiona mjuaji asiye na adabu. Wakati wa mazishi nilikaa siku tatu nikaondoka, kwa sababu nilikuwa siwezi kuangalia kile chumba. Ungeniambia hata siku ile. Hata kaburini. Ulikuwa na miaka ishirini na nane, umeshajua kuendesha gari na kubishana na mafundi wa gereji nzima, ukashindwa sentensi moja.

Nilipomaliza kukukasirikia wewe nikamgeukia yeye. Wiki mbili nimebishana na marehemu. Nimemwambia alikuwa na sheria moja ya kupigia mtoto wa kiume na nyingine ya kufutia machozi ya mtoto wa kike. Nimemwambia mengi. Tatizo ni kwamba kila nilipofika kwenye jibu lake, nilijua ningemjibu nini nikiwa na miaka kumi na tisa. Ningesema sheria ni sheria, nawe ufungiwe mwaka kama mimi. Ningesema hivyo, tena kwa sauti. Alinijua vizuri.

Kwa hiyo hasira haijaisha, lakini imekosa pa kukaa.

Nimemwandikia mkuu wa chuo. Nimemwambia nilikosea kuhusu ile ndege, na kwamba ataelezwa. FN ya Baba iingie kabatini, pua yake hiyo hiyo, alama yake hiyo hiyo, na usithubutu kuigusa hata kwa kitambaa. Niliyoitengeneza mimi itabaki kwangu. Ni sahihi kila mahali, nimeitazama wiki nzima na sina la kuisemea. Yak-9T nakuja nayo mkononi, vipande kwenye boksi. Nafika tarehe ishirini na tano. Tutaiunganisha wote meza ile ya Baba, mimi napima wewe unasugua, na tukigombana Mama atatoka nje kama kawaida.

Mkuu wa chuo ameniomba mimi, kama mtoto mkubwa, niseme maneno mawili kabla ya kabati kufunguliwa. Nimekataa. Nimempa jina lako.

Utasimama wewe. Hutasema Baba alikuwa mwalimu hodari, hilo kila mtu atasema. Utasema pua ile nani aliivunja, akiwa na umri gani, na Baba alifanya nini. Utasema na siku ile ya darasani, nani alizungumza na nani alinyamaza, maana baadhi yao walikuwemo, na huyo aliyecheka nina hakika ni mkuu wa chuo mwenyewe. Sema kwa sauti ya kufika nyuma. Nyuma ndiko nitakapokuwa nimekaa mimi, na safari hii sitasema kitu. Katika chumba kile nimeshasema vya kutosha.

Kaka yako, ambaye bado amekasirika